Zamu Isiyo na wa Kuipokea

Mwaka 1995, hofu ya Popobawa, pepo aliyedaiwa kuwavamia watu usiku vitandani mwao, ilipoanza Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu wenye nyumba zenye kuta na makomeo walibeba mikeka wakaenda kulala nje. Walijikusanya familia kwa familia, wakawasha moto, wakakesha au wakasinzia huku wamebanana. Mengi yameandikwa kuhusu mkasa ule, siasa yake na aibu yake. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni usingizi, huvutwa na jambo moja tu: walipozidiwa na hofu hawakujifungia ndani. Walitoka wakatafuta watu.

Jambo hilo hunijia kila ninapoulizwa swali linaloongezeka siku hizi, vijana wa mijini wanapozidi kupenda kupiga kambi. Mtu mzima mwenye akili zake, anayelala peke yake kwenye chumba cha kupanga bila wasiwasi, akijilaza peke yake ndani ya hema kule Hell's Gate nchini Kenya au kwenye milima ya Usambara anabaki macho makavu hadi alfajiri. Kwa nini? Wengi huuliza kwa kuona haya, kana kwamba ni utoto. Jibu la haraka ni wanyama, na wanyama wapo kweli, nitawafikia. Lakini chukua hema hilohilo, mahali palepale, umlaze na mtu wa pili anayekoroma, na usingizi utakuja. Huyo mkoromaji hana silaha na hawezi kumtisha hata nyani. Sasa ameongeza nini?

Jibu linaloniridhisha zaidi lilitoka karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2017 kundi la watafiti likiongozwa na David Samson, akiwemo mwanaakiolojia wa Kitanzania Audax Mabulla, lilichapisha matokeo ya kupima usingizi wa Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji. Watu wazima 33 walivaa kifaa kidogo kinachorekodi mwendo wa mwili usiku na mchana kwa siku 20. Ukijumlisha muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa wakati mmoja, katika siku zote hizo, unapata dakika 18. Kwa kawaida, saa yoyote ya usiku, watu kama wanane walikuwa macho au katika usingizi mwepesi. Na hakuna aliyepanga zamu. Wazee walilala mapema na kudamka mapema, vijana walichelewa kulala. Huyu aliamka kumtuliza mtoto, yule alitoka kujisaidia, mwingine aliwasha tumbaku yake. Kambi nzima ililindwa bila mtu kuitwa mlinzi.

Ikiwa binadamu ameishi hivyo kwa vizazi vingi sana, basi usingizi wetu ulizoea kuwa wa pamoja. Mtu huzama kwenye usingizi mzito kwa kuwa sehemu ya masikio ya kundi imebaki wazi. Kikohozi cha babu, mlango wa jirani, redio ya mlinzi wa geti, hata pikipiki ya saa tisa usiku mtaani Manzese: zote humwambia ubongo kwamba kuna mtu yuko macho na hajapiga yowe. Ndiyo maana chumba cha kupanga hakikutishi. Unadhani unalala peke yako, kumbe umezungukwa na walinzi wasiojijua.

Hemani peke yako hakuna wa kupokea zamu, na ubongo huifanya yote wenyewe. Haya si maneno ya kishairi tu. Mwaka 2016 Masako Tamaki na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, waliwapima watu waliolala maabara kwa mara ya kwanza. Waligundua kwamba usiku huo nusu ya kushoto ya ubongo haikuzama kama ya kulia wakati wa usingizi mzito. Sauti ngeni ikipita, ilikuwa nyepesi zaidi kuitikia na kumwamsha mtu. Hao walilala kwenye kitanda safi, ndani ya jengo, jirani na wataalamu waliokuwa kazini. Wewe umelala juu ya mawe madogo na nyuma ya kitambaa.

Kitambaa chenyewe kina kasoro yake, na hapa ndipo hofu ya hema inapotofautiana na hofu nyingine za ugenini. Ukuta wa nyumba huzuia macho na hupunguza sauti. Kitambaa cha hema huzuia macho na kuiacha sauti ipite karibu yote. Sikio linapokea kila kitu na jicho haliwezi kuhakikisha chochote. Sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, inayoshughulika na vitisho, haisubiri ushahidi: jani likikwaruza kitambaa, adrenalini inaachiwa, moyo unadunda, haja ndogo inakubana ghafla. Aliyelala nje kabisa kwenye mkeka angeinua kichwa, akaona ni jani, akalala tena.

Ongeza na fizikia ya usiku wenyewe. Jua likizama ardhi hupoa haraka, na hewa iliyo chini huwa baridi kuliko ya juu yake. Sauti ikipanda hupindishwa kurudi chini badala ya kupotea angani, kwa hiyo husafiri mbali kuliko mchana, na upepo nao mara nyingi umetulia. Ngurumo ya simba inaweza kusikika kilomita nane. Ukiwa hemani unaisikia kana kwamba ipo nyuma ya choo cha kambi.

Kwa bahati mbaya, wapiga kelele wakubwa wa usiku wa Afrika Mashariki ni wanyama wasio na madhara. Komba hulia kama mtoto aliyetelekezwa. Perere, mnyama aishiye mitini wa ukubwa wa sungura, anayepatikana kwenye misitu ya Kilimanjaro na mlima Kenya, huanza na mkwaruzo kama bawaba isiyotiwa mafuta, kisha sauti hupanda hatua kwa hatua hadi ikawa ukelele wa mtu anayenyongwa. (Ndugu zake wa karibu katika ukoo wa wanyama ni tembo na nguva, ingawa usiku huo kujua hilo hakutakusaidia.) Yote haya unaweza kuyasikiliza kabla ya safari, mchana, ukiwa nyumbani na chai yako. Sauti uliyoipa jina haikuamshi kama ile isiyo na jina. Nawashauri watu walifanye hilo kabla hata ya kununua tochi.

Sasa wale wenye madhara. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba hofu ya mnyama ni ndoto. Mwaka 2005 Craig Packer, pamoja na Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui na mwenzao Hadas Kushnir, waliandika kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini Tanzania, na mashambulizi mengi yalikuwa kusini mwa nchi. Waathirika hawakuwa watalii. Wengi walikuwa wanakijiji, na sababu kubwa ilikuwa nguruwe pori: wakivamia mazao, mkulima hulala shambani kwenye dungu kuyalinda, na simba huwafuata nguruwe wakamkuta yeye. Utafiti mwingine wa Packer, wa mwaka 2011, ulionyesha kwamba hatari huongezeka siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu mwezi huchelewa kuchomoza na giza huangukia saa ambazo watu bado wanatembea. Kwa hiyo babu zetu walioogopa giza hawakuwa washamba. Walihesabu vizuri.

Hema lililofungwa zipu ni jambo tofauti. Kwenye kambi za umma za Seronera, ndani ya Serengeti, hakuna uzio, na fisi na simba hupita katikati ya mahema. Mnyama huyaona mahema kama vitu vikubwa visivyoeleweka, na kwa kawaida huyapita. Matatizo huanza pale zipu inapoachwa wazi kwa ajili ya upepo, pale mtu anapotoka gizani bila kumulika kwanza, au pale chakula kinapolala ndani. Tembo hunusa chungwa kutoka mbali na hana subira ya kufungua zipu. Kando ya Ziwa Naivasha wa kuogopwa ni kiboko, ambaye hutoka majini usiku kula majani, na hatari yake ni kumzibia njia ya kurudi. Kanuni hizi askari wa hifadhi atakueleza kwa dakika mbili, na mtu akizifuata, mnyama anashuka sana katika orodha ya mambo ya kuogopa.

Wanaopanda katika orodha hiyo hawana sauti ya kutisha. Mbu anayeeneza malaria huuma usiku bila kunguruma, na kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ugonjwa huo uliua watu 597,000 mwaka 2023, karibu wote Afrika. Jiko la mkaa linaloingizwa hemani kupasha joto, hasa kambi za baridi kama Simba pale ukingoni mwa Ngorongoro, hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na mtu huondoka akiwa usingizini. Mlinzi wako wa ndani hajui lolote kuhusu hewa hiyo. Amefundwa kusikiliza vijiti vikivunjika. Mtu aliyekesha akimhofia fisi, jiko la mkaa likiwa miguuni pake, ameogopa kwa bidii upande usio wake.

Kuna hofu nyingine inayotajwa kwa sauti ya chini, hasa na wanawake: hofu ya watu. Hiyo siitibu kwa maelezo ya ubongo, kwa sababu mara nyingi ni busara. Mwanamke anayekataa kupiga hema mahali pasipo na mlinzi wala majirani hana tatizo la kisaikolojia, na wanaume wanaomwambia ajikaze wangefaa kunyamaza. Achague kambi yenye askari na familia nyingine, na asilazimike kujieleza kwa yeyote.

Niseme pia habari ya jinamizi. Usingizi uliokatikakatika, na kulala chali kwa kuwa mfuko wa kulalia umekubana, huongeza uwezekano wa kuamka akili ikiwa macho na mwili bado umefungwa na ganzi ya ndoto. Huwezi kusogeza kidole, kifua kizito, na unahisi kuna kitu kimeingia. Wapo wataalamu waliohusisha baadhi ya visa vya Popobawa na hali hii. Nyumbani mtu huwasha taa, anaona kabati lake, inapita. Hemani hakuna kabati. Ikikupata, acha kupambana na mwili mzima. Jaribu kusogeza ncha ya ulimi au kidole kimoja cha mguu, na kwa sekunde chache au dakika moja mbili itaachia. Na kama uko juu ya Kilimanjaro, kwenye kambi kama Barafu, zaidi ya mita 4,600, kushtuka ukitafuta pumzi huenda kusiwe woga wala jinamizi. Hewa ni nyepesi na upumuaji wa usingizini husita na kurudi. Mwambie kiongozi wako wa safari asubuhi, na kama pumzi hairudi hata ukiwa umekaa, mwambie usiku huohuo.

Tufanye nini, basi? Watu hutarajia nianze na mazoezi ya kupumua, na kweli kutoa pumzi polepole kuliko unavyoivuta hupunguza mapigo ya moyo. Lakini hilo ni kumbembeleza mlinzi aliyechoka. Afadhali umtafutie wa kumpokea, na zamu inaweza kukodiwa. Ukifika kambini, kabla ya kutandaza hema, nenda kwenye kibanda cha askari, msalimie, jitambulishe, mwonyeshe utakapolala, muulize anapita saa ngapi. Hema lako liwe mahali ambapo kikohozi chake kitakufikia. Majirani nao wasalimie. Jina moja tu linatosha. Wengine huwasha redio kwa sauti ndogo sana ya watu wanaozungumza, na mimi nawaunga mkono, alimradi sheria za kambi zinaruhusu: ubongo unaosikia mazungumzo tulivu unaamini kuna mtu macho. Vizibo vya masikio sivipendekezi porini. Vinamnyima mlinzi wa ndani kazi yake bila kumpa mapumziko, naye huanza kubuni.

Mwili nao ushibe joto. Baridi ya ardhini humwamsha mtu saa nane usiku, na akishaamka ndipo masikio huanza kazi. Godoro jembamba la sponji chini yako lina thamani kuliko blanketi la pili juu yako. Tochi ilale mahali pamoja kila mara, mkono uijue bila macho. Anayeanza kabisa alale kwanza uani kwa ndugu, kisha kwenye kambi yenye watu, ndipo aende mbali. Kwa aliyewahi kushambuliwa au kuvamiwa usiku, hatua hizo zisifanywe peke yake. Hapo mtaalamu anahitajika, na gari lenye milango ya kufunga si aibu kulilalia.

Mwisho ni suala la ratiba, ambalo wapiga kambi wengi hulikosea: kila usiku kambi mpya. Wale wa Brown waliporudi kulala maabara ileile wiki moja baadaye, tofauti kati ya nusu mbili za ubongo haikuonekana tena. Kama una siku mbili, zitumie palepale, na hema lisihamishwe hata mita kumi kwa kufuata kivuli. Usiku wa kwanza uhesabu kuwa wa kukesha nusu, na safari ndefu ya kuendesha gari iweke asubuhi ya pili.