Kazi na Ibada



Wazee husema kuwa mshika mbili moja humponyoka, na katika mambo mengi ya dunia maneno hayo ni kweli. Lakini wako watu wayatiao mahali pasipo pake. Hudhani kwamba kutafuta riziki na kumwabudu Mwenyezi Mungu ni mambo mawili yasiyokaa katika mkono mmoja. Basi mmoja hushika jembe akaacha sala, na mwingine hushika msala akawaacha watoto wake na njaa. Leo twapenda kueleza ya kuwa wote wawili wameikosa njia, kwa kuwa sharia yenyewe imekwisha kuyapatanisha mambo haya.

Na tuanze na huyu aliyeacha kazi. Katika mwaka 622 Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alihamia Madina, akawaunga udugu watu waliotoka Makka na wenyeji wa mji. Abdurrahman bin Auf aliungwa na Saad bin Rabii, mwenyeji aliyekuwa na mali nyingi. Saad alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, asipokee kitu, ila aliuliza soko liko wapi. Akaenda katika soko la Banu Qainuqaa, akafanya biashara ya samli na jibini kavu, na hazikupita siku nyingi akapata mahari ya kuolea. Naye ni katika wale masahaba 10 waliobashiriwa Pepo. Soko halikumpunguzia daraja yake.

Tena iko khabari ya Salman na Abu Dardaa, walioungwa udugu vivyo hivyo. Salman alikwenda kumzuru mwenziwe, akamkuta mke wa nyumba hajali tena kujipamba, kwani mumewe amejitenga na dunia, mchana hufunga na usiku husimama katika sala. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye. Usiku akamtaka alale, na ulipofika mwisho wa usiku wakaondoka wakasali pamoja. Kisha akamweleza kuwa Mola wake ana haki juu yake, na mwili wake una haki, na watu wa nyumba yake wana haki, naye yampasa kumpa kila mmoja iliyo yake. Khabari ilipomfikia Mtume, alisema kwamba Salman amesema kweli.

Sasa tumgeukie yule aliyeacha sala. Yeye hujitetea kwa kusema kuwa kazi haimpi nafasi. Haya, natuhesabu. Sala za faradhi ni 5 kwa siku, na rakaa zake zote ni 17. Kila sala ina wakati wake, na wakati huo una upana. Adhuhuri huingia jua linapopinduka. Kwa madhehebu ya Shafii, wafuatayo Waislamu wengi wa pwani yetu, hudumu mpaka kivuli cha kitu kiwe sawa na urefu wake, mbali na kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa katikati. Hapo ndipo alasiri. Mkulima asiye na saa aweza kusimika kijiti shambani akaona kwa macho yake. Katika nchi zetu, hizo ni kama saa tatu. Je, katika saa tatu hawezi kumaliza ngwe yake, akatawadha, akasali rakaa 4?

Na mwenye dhiki amefanyiwa wepesi. Msafiri wa mbali hupunguza sala ya rakaa 4 ikawa 2, na aweza kukusanya adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha. Asiyepata maji hutayamamu. Baharia ambaye chombo chake chayumba, akichelea kuanguka, husali kwa kukaa.

Tazameni pia siku ya Ijumaa. Katika Sura Al-Jumua waumini wameamrishwa kuacha biashara wasikiapo mwito wa sala. Na mara sala ikiisha, wameruhusiwa kutawanyika katika nchi na kutafuta fadhila za Mungu. Muuzaji huweka mizani chini kwa muda wa khutba na rakaa mbili, kisha huishika tena.

Lakini mizani hiyo na iwe ya haki. Kazi ya halali, afanyayo mtu kwa nia ya kuwalisha wanawe na kujizuia kuombaomba, huandikiwa thawabu. Bali yule asaliye safu ya mbele, kisha akarudi dukani kupunja kipimo, yamngoja onyo la Sura Al-Mutaffifin, iliyoteremshwa juu ya watu wa namna hiyo. Kadhalika kibarua aliyeajiriwa, akisha kusali faradhi yake, asiifanye ibada kuwa kificho cha uvivu, kwani ujira wake umefungamana na kazi.

Basi, ndugu zetu, kila mtu na aipime siku yake kwa maswali mawili: Je, nimemnyima Mola wangu haki yake? Je, nimewanyima watu wangu haki yao? Akiweza kujibu kuwa hakunyima huku wala huku, ameshika mbili, na hapana iliyomponyoka. Na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.