Chapati za Hamira za Warusi

Mama msomaji, chapati za maji wazijua. Warusi nao wanazo za kwao, waziitazo blini, lakini wao huziumua kwa hamira. Huliwa siku yo yote, hata matangani, ila juma lake kubwa ni lile la kabla ya Kwaresima. Juma hilo huitwa Maslenitsa, neno litokalo katika jina la siagi.

Sababu ni hii. Waorthodoksi wa Urusi wanaoshika mfungo kwa ukamilifu hawaachi nyama tu; huacha na maziwa, mayai na siagi mpaka Pasaka. Nyama huachwa juma moja mbele. Basi siku saba zinazobaki ni za kumaliza maziwa na mayai yaliyomo nyumbani. Jumapili ya mwisho ni Jumapili ya Msamaha. Kila mtu humwomba mwenzake radhi, hata mzazi kwa mtoto wake, na jibu la desturi ni: Mungu atasamehe, nami nasamehe. Jumatatu mfungo waanza. Wao hawana Jumatano ya Majivu. Je, kwako yuko nani wa kuambiwa neno hilo? Maana mtu aweza kuacha nyama siku arobaini, naye hasemi na shemeji yake.

Haya, tupike. Twaa vikombe 2 vya unga wa ngano, vikombe 2 vya maziwa, mayai 2, kijiko cha chai 1 cha hamira kavu, vijiko vikubwa 2 vya siagi iliyoyeyushwa, sukari kidogo na chumvi.

Chemsha maziwa, uyaache yapoe mpaka kidole chako kistahimili bila kuungua. Yakiwa ya moto mno yataua hamira, na kazi yote itakuwa bure. Koroga kikombe 1 cha maziwa na kikombe 1 cha unga, pamoja na hamira na sukari. Funika, weka mahali penye joto kwa saa moja. Ukiona povu, tia viini vya mayai, siagi, chumvi, unga uliobaki na nusu kikombe cha maziwa. Acha uumuke tena. Hapo ndipo wengi hukosa subira! Mwisho tia nusu kikombe kilichobaki, kikiwa cha moto, kisha ute wa mayai uliopigwa mpaka ukawa mweupe kama povu la sabuni. Ngoja kidogo.

Zamani Warusi walipenda unga wa nafaka nyingine, yenye mbegu za pembe tatu na unga wa rangi ya kijivu. Ukitaka, badili robo ya ngano kwa unga wa ulezi; ladha si ile, lakini ni njema.

Kikaango kiwe kizito na cha moto. Chovya nusu ya kiazi katika samli, ukipanguse nacho. Usikoroge unga tena. Teka taratibu kutoka ukingoni, povu lisife. Matundu yakijaa juu, geuza. Ya kwanza ikiharibika usisikitike: Warusi wenyewe husema chapati ya kwanza huwa bonge.

Paka kila moja siagi, zipange, zifunike kwa kitambaa. Zaliwa moto, kwa mtindi mzito, asali au samaki, nazo hukunjwa kwa mkono.