Deni la Taifa na Karatasi Moja ya Kura



Agosti 2022, Wakenya waliojiandikisha hapa London walipewa karatasi moja ya kura, ya rais, ilhali ndugu zao nyumbani walipewa sita. Ilikuwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2010 kwa sisi wa Uingereza kupiga kura tukiwa huku. Tulifurahi, na hatukuuliza sana habari za zile tano. Kati yake imo ya mbunge na ya seneta, na hao ndio wanaoamua serikali ikope mpaka wapi.

Tukumbushane. Hapo awali kikomo cha deni kilikuwa asilimia 50 ya pato la taifa. Mwaka 2019 Bunge lilikibadilisha kuwa shilingi trilioni 9. Juni 2022, miezi miwili kabla ya uchaguzi ule, kikapandishwa hadi trilioni 10. Katikati ya 2023 deni lenyewe likaupita mpaka huo, na Oktoba sheria ikageuzwa tena: asilimia 55 ya pato la taifa. Sijui ni mwenye duka gani angetuachia daftari la mkopo tujiandikie wenyewe namna hiyo!

Wananchi hawakuulizwa kwa kura, wala sheria haikulazimisha waulizwe. Kwingineko huulizwa. Katiba ya California ya mwaka 1849 ilikataza jimbo kukopa zaidi ya dola 300,000 bila idhini ya wapiga kura, na Machi 2004 raia wa huko waliulizwa kama jimbo likope hadi dola bilioni 15. Walikubali; lakini waliulizwa.

Pengine msomaji atasema hayo ni ya Nairobi. La hasha. Hati za mkopo za mwaka 2018, zenye thamani ya dola bilioni 2, ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la London, mji huu huu. Nusu yake ni za miaka 30, kwa riba ya asilimia 8.25, na zitaiva mwaka 2048, watoto wetu wa shule wakiwa watu wazima. Deni hulipwa kwa kodi. Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwenye petroli ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na mama anayepokea fedha tunazomtumia akaanza kutenga zaidi kwa nauli.

Kanuni zinaturuhusu sisi wa ng'ambo kura ya rais na kura ya maoni, basi. Uchaguzi ni Agosti 2027. Tuandikieni: je, tuidai na karatasi ya mbunge?