Je, Wajua? Vita vya Korea, Ugomvi wa Ndugu Uliojaa Wageni

Je, wajua kuwa mpaka uliozaa Korea mbili ulichorwa usiku mmoja, tena bila Mkorea yeyote kuulizwa? Agosti 1945, Japani ikielekea kusalimu amri, makanali wawili wa Marekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, walipewa kama nusu saa wapendekeze pa kugawana na Warusi kazi ya kupokea silaha za Wajapani. Mbele yao palikuwa na ramani ya jarida la National Geographic. Wakachagua latitudo 38 kwa kuwa iliuacha mji wa Seoul upande wao. Moscow haikubisha. Rusk huyohuyo baadaye ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje Marekani ilipozama Vietnam, nchi nyingine iliyokatwa vipande viwili.

Je, wajua kuwa Umoja wa Kisovieti ungeweza kuuzuia Umoja wa Mataifa usiingie vitani kwa kura moja tu? Majeshi ya Kaskazini yalipovuka mstari tarehe 25 Juni 1950, mjumbe wa Moscow, Yakov Malik, hakuwamo kwenye Baraza la Usalama. Alikuwa amesusa tangu Januari, akidai serikali ya Taiwan inyang'anywe kiti cha China, kipewe ile ya Mao Zedong huko Beijing. Kura ya turufu ikakosa mpigaji. Malik aliporudi Agosti, bendera ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imeshafika uwanja wa vita.

Marekani haikutangaza vita. Rais Truman aliridhia iitwe kazi ya polisi. Wamarekani zaidi ya 36,000 walikufa katika kazi hiyo.

China nayo ilikuwa na jina lake. Askari wake waliovuka mto Yalu Oktoba 1950, chini ya Peng Dehuai, waliitwa wanajeshi wa kujitolea, ili Beijing isihesabiwe kuwa iko vitani na Marekani. Miongoni mwao alikuwemo Mao Anying, mwana wa Mao Zedong. Ndege za adui zilimuua tarehe 25 Novemba 1950, na kaburi lake liko Korea Kaskazini hadi leo.

Je, wajua kuwa Warusi nao walipigana, kwa kificho? Marubani wao walirusha MiG-15 zenye alama za Korea na China, wakiwa na amri ya kutumia maneno ya Kikorea redioni. Mambo yalipochacha angani, Kirusi kilimtoka mtu chenyewe. Wamarekani walisikia, wakanyamaza, kwa kuwa kulisema hadharani kungewasha shinikizo la kupigana na Moscow waziwazi. Uongo uliowafaa mahasimu wote wawili, sishangai kwamba ulidumu.

Seoul ilibadilisha mikono mara nne ndani ya miezi tisa ya mwanzo.

Je, wajua kuwa Waethiopia walipigana huko? Nchi 16 zilipeleka wapiganaji chini ya Umoja wa Mataifa kuisaidia Kusini, na kutoka Afrika zilikuwa mbili. Haile Selassie alikuwa na sababu iliyomkaa moyoni: Italia ilipomvamia, Shirikisho la Mataifa lilimwacha, na mwaka 1936 alisimama Geneva kulishitaki mbele ya dunia. Sasa nchi nyingine ilikuwa imevamiwa, naye hakutaka kuonekana kama wale waliomtazama tu. Akawatoa Walinzi wake wa Kifalme. Kikosi kiliitwa Kagnew, jina la farasi wa vita wa baba yake, Ras Makonnen, na cha kwanza kilitia nanga Pusan Mei 1951. Kwa awamu, walikwenda zaidi ya 6,000, wakafa zaidi ya 120. Mateka walipobadilishanwa, hapakuwa na Mwethiopia hata mmoja wa kurudishwa. Huko Dongducheon walianzisha kituo cha kulelea yatima wa vita.

Malipo yao nyumbani yalikuwa machungu. Mfalme alipopinduliwa mwaka 1974, Derg, baraza la wanajeshi lililompindua, ikageuka kuwa utawala wa Kimarx na rafiki wa Pyongyang, na wazee waliopigana na wakomunisti wakaishi kwa kuficha nishani zao. Addis Ababa ina mtaa uitwao Korea Sefer, walikokaa wengi wao.

Na nchi ya pili ya Afrika? Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, iliyopeleka marubani wa Skwadroni Namba 2. Bendera ya Umoja wa Mataifa ilibeba mengi katika vita hivyo.

Je, wajua kuwa vita hivyo viligusa hadi Tanga? Mataifa makubwa yalikimbilia kuweka akiba ya malighafi, na bei ya mkonge wa Tanganyika ikapaa mwaka 1950 na 1951. Kenya ilipata fungu baya zaidi: batalioni ya Black Watch ya Uingereza ilitoka Korea mwaka 1953 na kupelekwa moja kwa moja kupambana na Mau Mau.

Desemba 1950, Wachina wakisonga mbele, meli ya mizigo Meredith Victory, iliyotengenezwa kubeba abiria 12, ilipakia wakimbizi wapatao 14,000 katika bandari ya Hungnam. Njiani walizaliwa watoto watano. Mabaharia wa Kimarekani, wasiojua Kikorea, waliwaita Kimchi 1 hadi Kimchi 5.

Mazungumzo ya amani yalichukua miaka miwili, kwa sehemu kubwa wakibishania mateka wasiotaka kurudi kwao. Wachina zaidi ya 14,000 walichagua Taiwan. Wamarekani 21 na Mwingereza mmoja walichagua China.

Je, wajua kuwa Korea Kusini haikutia saini? Tarehe 27 Julai 1953, huko Panmunjom, Jenerali William Harrison wa Marekani na Nam Il wa Kaskazini walisaini bila kupeana mikono wala kusemezana. Syngman Rhee, rais wa Kusini, alikataa kuweka jina lake. Ulikuwa mkataba wa kusitisha mapigano tu, na mizinga iliendelea kunguruma hadi saa nne usiku ule.

Miaka 23 baadaye, Agosti 1976, maofisa wawili wa Marekani waliuawa kwa mashoka na askari wa Kaskazini hapo Panmunjom, wakisimamia kupogolewa kwa mti uliowaziba wasione kituo chao. Siku tatu baadaye Wamarekani walirudi na misumeno ya injini, helikopta na ndege za B-52 juu yao, wakaukata. Kisiki walikiacha makusudi.