Pyongyang: Mji Uliopangwa Kama Gwaride

Ndugu msomaji, miji mikuu mingi hukua kama mti wa porini: tawi hapa, tawi pale, hata baadaye wakuu wakajaribu kuunyoosha. Pyongyang, mji mkuu wa Korea ya Kaskazini, haukukua hivyo. Katika vita vya mwaka 1950 hadi 1953 ndege za Marekani ziliupiga mabomu hata yakabaki majengo machache tu yaliyosimama. Juu ya kifusi hicho serikali ya Kim Il Sung ilijenga mji mpya kwa rula na bikari, wenye barabara pana zilizonyooka, viwanja vikubwa, na minara inayotazamana ng'ambo na ng'ambo ya Mto Taedong. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni tatu, wala hakuna aishiye humo kwa kupenda kwake tu. Makazi ya Pyongyang hutolewa kwa kibali, na kibali huangalia ukoo wa mtu na utii wake. Mtu wa mkoani hathubutu kushika njia ya mji mkuu bila hati ya safari mkononi.

Nilifika huko Septemba 2015, pamoja na wageni wengine saba, kwa ndege itokayo Beijing. Jengo la abiria katika uwanja wa Sunan lilikuwa jipya kabisa, limefunguliwa Julai ya mwaka huo huo. Ofisa wa forodha alifungua vitabu vyetu ukurasa baada ya ukurasa, akatazama kamera, akaandika idadi ya simu. Hadi mwishoni mwa mwaka 2012 simu ya mgeni iliachwa pale pale uwanjani, akarudishiwa siku ya kuondoka. Sisi tuliruhusiwa kuingia nazo, ingawa hazikuweza kumpigia mtu yeyote. Nje walitungoja waongozaji wawili, mwanamume na mwanamke, pamoja na dereva. Mtu aliyepita katika chuo cha kadeti hahitaji kuelezwa kwa nini walikuwa wawili na si mmoja: anayemwangalia mgeni, naye hana budi kuwa na wa kumwangalia.

Tulilazwa katika hoteli ya Yanggakdo, yenye ghorofa 47, iliyojengwa kisiwani katikati ya mto. Mgeni huambiwa kwamba yu huru kutembea apendapo, na ni kweli, mradi asivuke daraja. Ndani ya lifti namba zilipanda kutoka nne hadi sita. Kitufe cha ghorofa ya tano hakikuwapo. Hakuna aliyetueleza sababu, nasi hatukuuliza. Miezi michache baadaye, Januari 2016, kijana Mmarekani aitwaye Otto Warmbier alikamatwa, akashtakiwa kwamba alitaka kuiba bango la siasa katika hoteli hiyo hiyo. Machi alihukumiwa kifungo cha miaka 15 na kazi ngumu. Alirudishwa kwao Juni 2017 akiwa hana fahamu, akafariki baada ya siku chache.

Jambo lililonivutia kuliko yote lilikuwa chini ya miguu yangu. Tulipopelekwa katika Uwanja wa Kim Il Sung, wenzangu waliinua macho kuutazama Mnara wa Juche, uliosimama ng'ambo ya mto, urefu wake mita 170, uliojengwa mwaka 1982 kiongozi huyo alipotimiza miaka 70. Mimi nilitazama sakafu. Juu ya mawe ya uwanja zilipakwa alama ndogo ndogo, safu kwa safu, kila moja ikiwa mahali pa mtu kusimama. Nimesimamia gwaride kadhaa, najua maana ya chokaa ardhini. Lakini chokaa yetu hufutwa na mvua ya kwanza. Ile ilipakwa ili idumu. Wakati huo mji ulikuwa ukijiandaa kwa sherehe za Oktoba 10, miaka 70 ya chama tawala, na jioni tuliwaona raia kwa mamia wakirudi kutoka mazoezini, wamechoka, wamebeba maua ya karatasi. Walikuwa wakicheka kama watu wowote watokao kazini.

Wapo wageni waliopata kuandika kwamba abiria wa treni ya chini ya ardhi mjini humo ni waigizaji waliopangwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1973, nayo imezama zaidi ya mita 100, ikiwa na milango mizito ya chuma, kwa kuwa imekusudiwa kuwa pia handaki la kujikinga na mabomu. Kule chini, chini ya taa za vioo na picha kubwa za vigae vya rangi, niliona bibi akimsukuma mtu kwa kiwiko ili apate kiti, na mtoto aliyelala mdomo wazi. Mabehewa yenyewe yalinunuliwa Berlin yakiwa yamekwisha kutumika. Hakuna serikali iwezayo kumfundisha bibi kiwiko cha namna ile! Kilichopangwa si watu, bali njia ambayo mgeni hupitishwa kuwaona.

Na hapa ndugu msomaji anivumilie, maana ni jambo la kazi yangu. Ofisa uhusiano wa jeshi hupokea waandishi na wageni kambini. Kabla hawajafika, uwanja hufagiliwa, na askari aliyechana kombati huambiwa abadili. Sioni aibu kusema hivyo. Hata mama wa nyumbani hufagia anapotazamia mgeni. Lakini mwandishi akitoka langoni mwetu huingia mtaani, akamwuliza muuza ndizi, akamwuliza mjane wa askari, kesho akaandika yale ambayo sisi hatukumwambia. Huko Pyongyang lango ni mpaka wa nchi. Redio za nyumbani zimefungwa zishike mawimbi ya serikali peke yake. Katika miaka ya kati ya 1990 njaa iliua mamia ya maelfu ya watu nchini humo, na mgeni aliyetembezwa katika njia kuu za mji mkuu angeweza kuondoka bila kuijua. Kufagia ni jambo moja. Kumnyima mgeni na mwenyeji wake fursa ya kuzungumza ni jambo jingine.

Katika kilima cha Mansudae zimesimama sanamu mbili za shaba, Kim Il Sung na mwanawe Kim Jong Il, ndefu kuliko nyumba ya ghorofa tano. Mgeni huweka maua na kuinama. Picha sharti ichukue sanamu nzima, kuanzia utosini hadi viatuni. Mzee mmoja wa kundi letu, mtu wa Ulaya, alipiga ikakatika miguu.

"Mzee, tafadhali ifute hiyo," mwongozaji wetu wa kike akamwambia kwa sauti ya chini.

"Ni picha tu, binti yangu."

"Kwako ni picha tu."

Mzee akaufahamu uso wake kuliko maneno yake, akaifuta. Tangu hapo hakuna aliyejaribu ujanja wowote, si kwa kuiogopa serikali, bali kwa kuwa tulitambua ni nani angelipa deni.

Msomaji wa Uganda asidhani kwamba nchi hiyo ni ya mbali sana kwetu. Wakufunzi wake walipata kuwafundisha askari na polisi wetu kwa miaka mingi, hadi Uganda ilipotangaza mwezi Mei 2016 kusitisha ushirikiano huo, kufuatana na vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Mafundi wake wa sanamu nao wamejenga Windhoek na Dakar. Nidhamu yao kazini naisifu, wala sitaificha sifa hiyo kwa ajili ya mengine niliyoyaona.

Usiku wa mwisho, mmoja wa waongozaji, ambaye sitasema ni yupi kati yao, aliketi nami kando ya mto. Aliniuliza habari za kilimo, kisha akauliza mwananchi wa Gulu atakaye kuzuru Kampala hungoja kibali siku ngapi.

Nilimjibu kwamba hutafuta nauli.

"Nauli tu?"

"Nauli tu, na mahali pa kulala."

Alinyamaza kitambo, akanionyesha mwenge mwekundu uwakao juu ya mnara, akaanza kunieleza mawe mangapi yalitumika kuujenga: 25,550, moja kwa kila siku ya miaka 70 ya Kim Il Sung. Hesabu hiyo alikwisha kutueleza asubuhi.

Januari 2020 Korea ya Kaskazini ilifunga mipaka yake kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na watalii wa kwanza, Warusi, hawakuruhusiwa kuingia hadi Februari 2024. Kwa miaka minne waongozaji wale hawakuwa na mgeni wa kuwauliza lolote.