Je, Wajua? Wavulana 80 uwanjani, na bado sare

Je, wajua kwamba mechi moja ya kandanda ya wanafunzi iliwahi kuchezwa siku tatu? Ilianza Melbourne, Australia, tarehe 7 Agosti 1858. Scotch College na Melbourne Grammar, shule za wavulana, zilipanga wachezaji 40 kila upande. Magoli yalitengana karibu nusu maili! Waliendelea tarehe 21 Agosti, kisha 4 Septemba. Matokeo? Bao 1 kwa 1.

Mmoja wa waamuzi, Tom Wills, alishiriki kuandika kanuni za kwanza za kandanda ya Australia, Mei 1859.

Shule hizo mbili, watani wa jadi, hazijaachana. Zote zimo katika umoja wa michezo wa shule binafsi ulioundwa mwaka 1908, na kila mwaka huwania Kombe la Cordner–Eggleston.

Mwamuzi wa pili wa mechi ile ndiye anayenifurahisha zaidi: John Macadam, mwanakemia. Mwaka 1857, mtaalamu wa mimea Ferdinand von Mueller alikuwa ameipa jamii moja ya miti ya Australia jina la Macadam. Ndiyo makadamia, ambayo leo wakulima wa Murang'a na Embu nchini Kenya wanaivuna na kuiuza ng'ambo.