Siku Moja Lilongwe: Panga Kwanza Nauli ya Kurudi

Kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hadi Lilongwe ni kilomita arobaini na kitu, na asubuhi hakuna konda atakayekukataa. Kazi iko jioni. Kibali chako cha kutoka kambini kina tarehe, maduka yana saa ya kufunga, mwezi wa sita jua linazama kama saa kumi na moja na nusu, na magari ya kurudi kambini yanapungua wakati ule ule mizigo inapoongezeka. Kwa hiyo ukikaa kupanga pesa za siku hiyo, anza na nauli ya kurudi, uifunge pembeni, ndipo ugawe kinachobaki. Wengi hupanga kinyume. Ndiyo maana jioni utawakuta watu wamesimama depoti na katoni zao za sabuni, wakibembeleza gari ambalo asubuhi wasingeligusa.

Bei za kwacha kwa kila kiti siandiki hapa, kwa sababu zingechacha kabla hujamaliza kusoma. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, na siku hizo hizo lita ya petroli ikaruka kutoka kwacha 1,746 hadi 2,530. Tangu hapo imepanda tena. Tutahesabu kwa viti. Muulize jirani aliyesafiri wiki hii kiti kimoja cha basi dogo ni kiasi gani. Hicho ndicho kipimo, na kila bei nyingine utakayotajiwa igawanye kwa hicho.

Kabla ya gari, kibali. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka pingamizi kwenye kifungu cha uhuru wa kutembea, na tangu serikali ilipoamuru mwaka 2023 wakimbizi warudi Dzaleka, kusafiri bila karatasi ni kucheza na nauli uliyokwisha kulipa. Ukishushwa kwenye kizuizi cha polisi, gari linaondoka na konda harudishi pesa. Kichukue siku moja kabla, kwa sababu foleni ya ofisini ikikula hadi saa nne asubuhi, mjini utafika mchana na utarudi kwa bei ya jioni. Na tarehe uisome pale pale dirishani, usiisomee njiani.

Sasa magari.

Basi dogo ndilo la bei ya chini: viti viwili, kwenda na kurudi, basi. Linapatikana kuliko yote. Gharama yake iliyojificha ni muda, maana haliondoki hadi lijae, na kujaa kwenyewe kuna mchezo. Wapiga debe huketisha vijana wao ndani ili gari lionekane limebakiza nafasi mbili tu. "Achimwene, panda, tunaondoka sasa hivi!" Unapanda, unakaa, kisha unawaona wale vijana wanashuka mmoja mmoja kila anapoingia abiria wa kweli. Kuwatambua si kazi ngumu: hawana hata mfuko, wamevaa ndala, na wanapiga soga na dereva kwa jina. Hesabu watu wenye mizigo na akina mama wenye watoto. Hao ndio abiria. Wakiwa watano, una kungoja kwingi mbele yako, na ni heri ukasimama nje ukiangalia gari jingine kuliko kufungiwa kiti cha nyuma.

Ubaya wa pili ni kufaulishwa. Gari likiwa limebakiza abiria wanne, dereva anaona hasara kufika mwisho wa safari, anawauza kwa gari jingine njiani, mara nyingi pale Kanengo au Area 25, na nyie mnaanza kungoja upya. Kama umeshalipa, hakikisha konda wa kwanza anamkabidhi wa pili nauli yako mbele ya macho yako, tena kwa sauti. Njia bora ni kutolipa mpaka gari liwe limekwenda mbali. Na beba noti ndogo. Ukitoa noti ya 5,000 utaambiwa "chenji mbele," na mbele hiyo huwa ni mahali unaposhukia, gari likiwa tayari limeanza kusogea.

Gari dogo la kuchangia, lile la viti vichache au la safu tatu, hutoza zaidi kidogo kwa kiti. Linajaa upesi kwa kuwa halina nafasi nyingi za kujaza, na halifaulishi sana. Raha yake isikudanganye lakini: mbele watakaa wawili na dereva, nyuma wanne, na begi lako litakuwa mapajani. Watu hulilipia asubuhi kwa sababu wana haraka na pesa bado iko mfukoni. Mimi naona ni kinyume. Asubuhi nusu saa haina thamani kubwa, duka la jumla halitahama. Jioni nusu saa ile ile ndiyo inayoamua kama utafika kwa mwanga au kwa kubahatisha. Nenda na basi dogo, rudi na gari dogo.

Matola, yaani kupanda nyuma ya gari la mizigo, kunashinda yote kwa jambo moja: halibishani juu ya gunia. Kwa mwenye mabunda mawili ya mitumba linaweza kuwa nafuu kuliko basi dogo, ambako kila bunda linahesabiwa kama mtu. Lakini mvua ikikukuta, bidhaa imelowa, na kwa kawaida gari la mizigo halikukatiwa bima ya kubeba abiria. Tuma mzigo kwa matola kama una mtu wa kupanda nao. Mwenye mtoto mgongoni asipande.

Kukodi gari zima kunawatisha watu bila sababu, na kunawaibia wengine bila wao kujua. Piga hesabu. Gari la kawaida lina nafasi nne za abiria. Kwenda na kurudi ni viti vinane. Kwa hiyo bei ya haki inaanzia viti vinane, ukiongeza kitu cha kumfidia dereva kwa saa atakazokaa mjini bila kazi. Akikutajia viti ishirini, mwambie akufafanulie kumi na viwili vya ziada vinakwenda wapi.

Atasema mafuta. Sawa, pima na mafuta. Safari nzima ni kama kilomita 90, ukiongeza mizunguko ya mjini inafika mia moja. Gari dogo lenye afya linakula lita nane mpaka kumi kwa umbali huo. Zidisha bei ya pampu ya siku hiyo mara kumi, na hapo umekuwa mkarimu. Kwa ile bei ya 2,530 ilikuwa kwacha 25,300. Kinachozidi ni gari lake, muda wake na faida yake, vyote vina haki ya kulipwa, ila sasa mnazungumza mkiwa mnajua.

Mkiwa wanne, kila mmoja anabeba viti viwili na kipande cha muda wa kungoja. Hiyo ni bei ya basi dogo na nyongeza ndogo, na gari linawangoja nyinyi, si nyinyi kulingoja. Mkiwa wawili haina maana, isipokuwa mmoja wenu ni mgonjwa anayekwenda hospitali ya Kamuzu Central. Hapo usiangalie viti.

Mtego mkubwa wa kukodi ni kishika uchumba cha mafuta. Katika uhaba wa 2024 na 2025 tuliona misururu ya magari kwenye vituo, na madereva wakiomba pesa ya mafuta jana yake. Pesa inakwenda, na saa mbili asubuhi dereva bado yuko kwenye foleni, au amenunua ya dumu kwa bei ya juu na anataka mwongeze. Kubali kutoa pesa ya mafuta pale tu mshale wa geji unapoonekana umepanda. Na kabla ya kuondoka, semeni mbele ya mtu wa tatu: mnasimama sehemu ngapi, anangoja mpaka saa ngapi, mizigo ya kurudi ni mingapi, na kikitokea kitu kizuizini ni juu ya nani. Saa mwonyeshe kwenye simu, maana saa nane yako na saa nane ya dereva wa Lilongwe huenda zikapishana kwa saa sita. Bei yote usimalize asubuhi. Nusu yake ibaki mfukoni mwako mpaka mrudi, la sivyo akipata abiria wa uwanja wa ndege saa tisa, mtampigia simu hadi betri iishe.

Biashara hii ya kuuza kurudi haikuanza kwetu. Meli za kitalii zikitia nanga Warnemünde, bandari ya mji wa Rostock huko Ujerumani, abiria huuziwa safari ya siku moja ya Berlin, zaidi ya kilomita 200 kusini, saa tatu hivi za njia kwenda na nyingine tatu kurudi. Stesheni ya treni iko hatua chache kutoka gatini, na anayekata tiketi mwenyewe hutumia pesa kidogo sana kuliko anayepanda basi la meli. Wengi hulipa zile kubwa hata hivyo, kwa sababu basi la meli likichelewa, meli inangoja. Treni ikichelewa, meli inaondoka na begi lako. Mzungu mwenye pesa analipia neno hilo "inangoja" na haoni aibu. Wewe pia lilipie, ila ulinunue kwa bei ndogo: gari la wanne, au kiti kilichowekwa mapema kwa dereva wa Dzaleka anayelala Dzaleka. Dereva huyo ana sababu ya kurudi hata gari lisipojaa. Chukua namba yake asubuhi, mpigie saa nane mchana. Hii haigharimu chochote zaidi ya salio.

Lilongwe yenyewe inakula pesa kwa umbali. Ule mji umetawanyika, na maeneo yake yana namba zisizofuatana, hivyo Area 25 usiitafute karibu na Area 24. Soko na depoti viko upande wa mji wa zamani, ofisi za serikali ziko Capital Hill, na kati yake ni nauli nyingine au bodaboda, ambazo huku huitwa kabaza. Watu hubana viti barabarani kisha wakamwaga pesa kwenye kabaza nne za mjini. Kama shughuli yako iko Kanengo au Area 25, shuka hapo hapo, barabara ya kuingilia mjini inapita huko. Hakuna faida kwenda hadi depoti ili urudi nyuma kwa nauli ya pili. Mwenye shughuli pande mbili aanze na ofisi asubuhi, amalizie sokoni, kwa kuwa hakuna sababu ya kuzunguka na gunia, na magari ya kurudi yako huko sokoni.

Mizigo nayo ina bei tatu, na zote hutajwa baada ya kunyanyuliwa: ya mchukuzi wa kutoka dukani, ya konda wa kuiweka, na ya kijana anayeishusha Dzaleka bila kuombwa. Patana na konda mzigo ukiwa bado chini, bei ya pamoja, kiti na mzigo. Ukishapakiwa huna tena nguvu ya kusema neno.

Pesa za simu zinasaidia dhidi ya wezi wa depoti, lakini kuzitoa kwa wakala kunakatwa. Wafanyabiashara wengi hutoa kidogo kidogo mara tatu kwa hofu, wakakatwa mara tatu. Toa mara moja unachohitaji, nauli ya kurudi itenge kwa noti tangu nyumbani, mfuko wa ndani. Chakula beba. Maji pia.

Kwa wageni wanaokuja upande wetu, hasa wakati wa Tumaini Festival, tamasha lililoanzishwa mwaka 2014 na Menes La Plume, hesabu ni ile ile imegeuzwa. Kiingilio hakuna, na kuja mchana ni kiti kimoja cha basi dogo. Muziki lakini unapamba moto usiku, wakati mabasi madogo yamekwisha, na hapo ndipo mgeni anapokutana na teksi ya kurudi Lilongwe kwa bei anayoipanga dereva peke yake. Tamasha hilo lina mpango wa wageni kulala kwenye nyumba za wenyeji wa kambini. Linganisha malipo ya usiku mmoja huko na bei ya teksi ya saa tano usiku kabla hujaamua. Pesa ya malazi inabaki kwa mama aliyekupikia, na asubuhi unaondoka na basi la kwanza kwa kiti kimoja.

Na kama ni wewe umekwama Lilongwe giza limeingia? Usikodi gari la mtu usiyemjua peke yako, hata akishusha bei. Tafuta wenzako wa Dzaleka pale depoti, hawatakosekana, mjichange watatu au wanne, mpige picha namba ya gari na kuituma nyumbani kabla ya kufunga mlango. Msipofika watatu, lala kwa ndugu, na umpigie kiongozi wa mtaa wako usiku huo huo umweleze kuhusu kibali, usingoje kuulizwa kesho.